Umeitwa usaili? Iambie AI ikuulize, usiiambie ikuandikie majibu

Jina limetoka. Umeipekua ile PDF ya kuitwa kwenye usaili ukurasa kwa ukurasa mpaka macho yameuma, umelikuta, umepiga skrinshoti umemtumia mama, na sasa hivi uko kwenye magrupu ya WhatsApp unaandika "wakuu mwenye maswali ya kada hii naomba anisaidie". Kuomba maswali sio vibaya, ila mnagawana pepa zile zile za miaka hiyo, nyingine majibu yake hata sio sahihi, afu hakosekani jamaa anayeuza "pepa lenyewe la mwaka huu" kwa elfu tano na hilo ni uongo mtupu, usimpe hela yako. Wakati huo huo kwenye simu yako kuna ChatGPT au Gemini ya bure ambayo unaitumia kutungia kepsheni za Instagram.

Hapa naeleza namna ya kutumia hiyo akili mnemba kujiandaa. Nachukua mfano wa usaili wa serikalini, ule unaopitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na kada nachukua Afisa Ugavi, yule wa manunuzi na stoo, kwanza naielewa, pili ni kada ambayo AI inachemka waziwazi kwahiyo utajifunza pa kuishtukia. We wa kada nyingine badilisha tu vitu vyako, na wa kampuni binafsi na mashirika nitawagusia njiani.

Kabla ya yote niseme hili. Watu wengi wanaifungua AI wanaandika "nipe maswali na majibu ya usaili wa Afisa Ugavi", inamwaga maswali ishirini na majibu yake matamu, wanakopi wanapesti kwenye notsi, wanakariri usiku kucha. Hapo umechoma bando bure. Jibu hilo hilo kapewa na mwenzako aliyekaa kiti cha nyuma yako kwenye foleni, paneli wameshalisikia tangu asubuhi, na wakikuuliza swali la pili juu ya hilo hilo jibu unabaki unatoa macho kwasababu maneno sio yako. Yenyewe kazi yake iwe kuuliza na kukosoa. Kujibu ni kazi yako, hata kama mwanzoni unajibu ovyo.

Anza na tangazo, sio na hisia

Rudi kwenye tangazo la kazi uliloombea (natumaini umelitunza, kama hujalitunza ingia ulitafute leo hii). Pale kuna sehemu ya majukumu ya kazi. Watu wanairuka wanaenda kwenye sifa na mshahara, ila maswali mengi yanatoka humo kwenye majukumu. Yakopi yote, fungua chati mpya, weka maelekezo kama haya:

"Wewe ni msaili kwenye paneli ya usaili wa utumishi wa umma Tanzania. Hapa chini kuna majukumu ya kazi niliyoomba. Kwa kila jukumu tunga maswali matatu: la kwanza lipime kama naelewa maana yake, la pili lipime kama nimewahi kulifanya, la tatu liwe tukio gumu linaloweza kutokea kazini. Usinipe majibu. Niulize swali moja, subiri nijibu, kosoa jibu langu, ndio uende la pili. Usinisifie."

Hilo la usinisifie usilidharau. Hizi AI zimelelewa kwa upole kupita kiasi, ukijibu pumba inakwambia jibu zuri sana, hongera, labda ungeongeza kidogo, na we unaenda kwenye usaili umevimba kichwa. Kuna wakati inabidi uirudie mara kadhaa ndani ya chati moja, "kuwa mkali, niambie kilichokosekana", kwasababu baada ya muda inasahau inarudi kwenye upole wake. Ukitaka kuibana zaidi iambie itoe maksi kati ya kumi na ieleze kila maksi iliyokata imekata kwa sababu gani. Hizo maksi usiziamini kama maksi maana leo itakupa saba kesho jibu lile lile itakupa tano, unachotafuta pale ni hizo sababu.

Sasa ona inavyokuwa. Kwa Afisa Ugavi, kwenye jukumu la kupokea vifaa, inaweza kukutungia tukio kama hili: mzigo umefika Ijumaa saa kumi na moja jioni, bosi ameshaondoka, dereva anataka umsainie arudi Dar, na ukihesabu maboksi yamepungua mawili, utafanya nini?

Wengi tunajibu "nitafuata taratibu za ununuzi wa umma". Jibu hilo ni hewa. AI uliyoielekeza vizuri itakurudia: taratibu zipi, kwenye karatasi ya dereva utaandika nini, mzigo utalala wapi? Na hapo ndio unaanza kujibu kama mtu wa stoo: nahesabu mbele ya dereva, upungufu nauandika kwenye dilivari noti na yeye anasaini, mzigo nautunza tu chini ya kufuli bila kuuingiza kwenye leja kama umekubaliwa, nampigia bosi muda ule ule, Jumatatu kamati ya ukaguzi na upokeaji inakagua ndio inasema umekubaliwa au umekataliwa. Umeona tofauti? Ni mtu yule yule, elimu ile ile, ila mara ya pili alibanwa. Na ukibanwa chumbani kwako na simu haiumi, uchungu ni kubanwa mara ya kwanza mbele ya paneli.

Fanya hivyo kwa majukumu yote. Usiyafanye kwa siku moja, utachoka na majibu yataanza kufanana.

Mchujo, na pale inapodanganya bila aibu

Kabla ya kuonana na paneli mara nyingi kuna usaili wa mchujo, wa kuandika, na siku hizi kuna kada mnafanya kwenye kompyuta. Hapa wanapima unajua nini, na hapa ndio pa kuwa na AI macho mawili.

Iulize AI bila kuipa kitu chochote, "nieleze sheria inayosimamia ununuzi wa umma Tanzania". Kuna uwezekano mkubwa ikakuelezea kwa kujiamini kabisa Sheria ya mwaka 2011, kanuni zake za 2013 na mfumo wa zabuni wa mtandaoni wa TANePS. Ukienda na hiyo umeumia. Sheria ya sasa ni Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023, ikaanza kutumika 2024 na kanuni zake mpya za 2024, na mfumo ni NeST, TANePS imeshastaafu. Inakosea kwanini? Kwasababu imejifunza kwa kusoma maandishi yaliyojaa mtandaoni, na sheria ya 2011 ilitumika zaidi ya miaka kumi, imeandikiwa ripoti, makala, tasnifu za vyuoni, notsi za kila aina, wakati ile mpya maandishi yake ni machache bado. Yenyewe inafuata wingi, haijui kipi kimefutwa.

Na hii sio ya ugavi peke yake. Mwalimu anayejiandaa anaweza kuelezewa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 kama ilivyokuwa mwanzo wakati kuna Toleo la 2023 lililokuja na elimu ya lazima ya miaka kumi. Mhasibu ataletewa viwango vya kodi vya zamani wakati Sheria ya Fedha inagusa mambo kila mwaka wa fedha unapoanza Julai. Afisa Mipango ataanza kumwaga Dira ya Maendeleo ya 2025 na wenzake wanaongelea Dira ya 2050 iliyozinduliwa Julai 2025. Kada yoyote uliyopo jiulize nini kimebadilika miaka hii mitatu minne ya karibuni, hicho ndicho paneli wanapenda kuuliza na ndicho AI inachokosea.

Baya zaidi ni namba za vifungu. Ukiilazimisha ikupe kifungu itakupa, hata kama hakipo. Inatunga. Itakwambia kifungu cha ngapi sijui kifungu kidogo cha tatu aya ya b, imepangika vizuri mpaka unaamini, nenda kwenye sheria yenyewe ukute hicho kifungu kinaongelea mambo mengine kabisa. Kwahiyo namba yoyote ya kifungu ambayo hujaiona kwa macho yako kwenye sheria, usiibebe.

Dawa yake ni kuipa nyaraka wewe. Ingia tovuti ya PPRA, ile mamlaka ya kudhibiti ununuzi wa umma, shusha sheria na kanuni, afu zipandishe kwenye NotebookLM ya Google, ni ya bure, unaingia na jimeil yako ile ile. Uzuri wa hii ni kwamba inajibu kutoka kwenye ulichoipa, na kwenye kila jibu inaweka kinamba, ukikibonyeza kinakupeleka kwenye mstari ilikotoa. Bonyeza. Soma ule mstari. Yani usiwe mvivu hapo maana ndio kusoma kwenyewe kunapofanyika. Afu iambie: "Kwa kutumia nyaraka hizi tu, nitungie maswali ya kuchagua, yaguse mpango wa ununuzi wa mwaka, majukumu ya bodi ya zabuni, mamlaka ya afisa masuuli na upendeleo kwa makundi maalum, usinipe majibu mpaka nimalize." Hilo la makundi maalum lisome vizuri, ile asilimia 30 ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, ni swali linalopendwa na linaeleweka kirahisi.

Angalizo moja la kiufundi: PDF nyingi za serikali yetu ni karatasi iliyopigwa skani, ni picha tu, na AI ikisoma picha iliyofifia inakosea maneno na tarakimu. Jaribu kuchagua neno moja kwenye PDF kwa kidole, likikubali kuchaguliwa basi ni maandishi, lisipokubali tafuta nakala nyingine. Na kama bando ni la shida, shushia mafaili yote kwa mkupuo kwenye waifai ya chuo au ya mshkaji, kuchati kwenyewe kwa maandishi hakuli bando kubwa, kinachokula ni sauti na mafaili.

Kuna wanaoniuliza AI ipi ni bora. Kwa kazi hii yoyote. ChatGPT, Gemini, Claude, Copilot, chagua moja anza, usimalize siku mbili unalinganisha, na usilipie kifurushi cha dola ishirini kwa mwezi kwa ajili ya usaili, ya bure inatosha, ikikwambia umefika kikomo cha leo kasome kanuni urudi baadae.

Jieleze: swali linaloonekana jepesi

Umepita mchujo, sasa paneli. Swali la kwanza karibu kila mahali ni jieleze kwa kifupi. Ukiiomba AI ikuandikie hapa itakupa kitu cha namna hii: mimi ni kijana mwenye bidii, ninayejituma, ninayeweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo na kwa kushirikiana na wenzangu, mwenye ari ya kujifunza. Kila mtu duniani ni huyo. Paneli wakisikia "usimamizi mdogo" wanaangalia saa.

Fanya kinyume. Iambie: "Nataka kuandaa namna ya kujieleza kwenye usaili. Usiandike chochote. Nihoji kwanza kuhusu nilipofanya fildi, nilipojitolea, vibarua nilivyofanya, kitu nilichorekebisha mahali nilipokuwa. Swali moja moja. Ukiona jibu langu halina mfano, nidai mfano." Afu jibu kama unavyoongea, Kiswahili cha kijiweni ruksa, hata makosa ya kuandika usijali inaelewa.

Hapo ndio vitu vinatoka. Mtu anasema hana uzoefu, akihojiwa kidogo kumbe alijitolea stoo ya hospitali ya wilaya, alikuwa anapokea dawa kutoka Bohari ya Dawa, akakuta bin kadi (zile kadi za kuandikia idadi ya kila kitu stoo) haziendani na kilichopo shelfu, akakaa wiki nzima anahesabu upya mpaka vikaendana, na akaanzisha utaratibu wa kuweka mbele dawa zinazokaribia kuisha muda. Hicho ndicho cha kuwaambia paneli! Dakika moja na nusu: nimesoma nini wapi, nilifanya nini ambacho kinafanana na kazi yenu, naweza kuanzia wapi hapa kwenu. AI ikishakutoa hivyo vitu iambie ikupangilie kwa vidokezo vichache tu vya kukumbuka, isikuandikie aya, maana aya utaikariri na ukisahau neno moja la katikati jibu zima linaporomoka.

Maswali yale ya "tueleze siku uliyokosana na mwenzako kazini" yanaenda hivyo hivyo. Hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa ufanye nini, ulifanya nini, ikaishaje. AI inajua sana huo mpangilio. Tatizo letu ni kwenye "ulifanya nini", watanzania tumezoea "tulifanya", "tulishirikiana", na adabu hiyo nzuri mtaani ila kwenye usaili paneli hawajui wewe ulibeba kipande gani. Iambie AI kila ukisema "tuli" ikusimamishe ikuulize wewe ulifanya nini.

Na chonde usiiruhusu ikutungie tukio ambalo halijatokea. Itakutungia likiwa limenyooka kabisa, na swali la tatu la paneli litalibomoa, maana aliyekaa pale amefanya kazi kwenye stoo miaka mingi kuliko umri wa cheti chako.

Kiingereza

Tuongee ukweli, wengi hatuogopi maswali, tunaogopa lugha. Njia inayosaidia ni hii: jibu kwanza kwa Kiswahili mpaka jibu linyooke kichwani. Afu jibu mwenyewe kwa Kiingereza chako hicho hicho, kwa mdomo, kwa kubonyeza kitufe cha kuongea kwenye programu. Iambie isibadilishe maneno yako kuwa magumu, irekebishe yale makosa tu yanayofanya mtu asielewe, na ibakize msamiati wako. Ukisema "I have been worked in store since one year", irudishe "I worked in the store for one year" basi, inatosha, sentensi fupi inayotembea. Ukiiacha ifanye inavyotaka itakuletea Kiingereza cha balozi, kwenye usaili utakisahau na ukikikumbuka hakitafanana na unavyojibu swali linalofuata, na hiyo paneli wanaisikia upesi sana.

Sauti ina faida nyingine. Ukiandika una muda wa kufuta, ukiongea hufuti. Weka simu mezani, kaa kwenye kiti sio kitandani, ongea. Mwanzoni utajisikia mjinga na nyumbani watakucheka, acha wacheke. Baada ya hapo omba ikupe maandishi ya ulichosema, uone ni mara ngapi umesema "kama nilivyosema" na sentensi ngapi umezianza hukuzimaliza. Gemini na ChatGPT zote zinaweza mazungumzo ya sauti, ila kwa Kiswahili wakati mwingine inasikia vibaya, hasa lafudhi za bara na maneno ya kiofisi, na matamshi yake yenyewe utacheka. Ikisumbua jirekodi kwa rekoda ya kawaida ya simu ujisikilize mwenyewe, inauma ila inafundisha.

Mshahara na mengine ambayo AI inajibu kimarekani

Serikalini hili halikuhusu sana, mshahara una ngazi zake zimeandikwa kwenye tangazo, hakuna kubageini. Ila kampuni binafsi na mashirika watakuuliza unategemea kiasi gani, na hapo ukiiuliza AI inakuletea mambo ya dola kwa mwaka. Iambie Tanzania, shilingi, kwa mwezi, na makato iyafanye mbele yako: PAYE, yaani kodi ya mshahara, ambayo inaanza juu ya shilingi 270,000, mchango wa pensheni wa NSSF ambao kwa kawaida kwako inakatwa asilimia 10, na kama ulisoma kwa mkopo kuna asilimia 15 ya bodi ya mikopo, hii ya bodi isipokumbushwa inaisahau kila mara. Ukishajua kinachobaki mkononi, toa kodi ya nyumba na nauli, ndio unajua namba ya kutaja na ile ambayo chini yake unaondoka. Viwango vya PAYE vithibitishe TRA, nimeshakwambia tabia za AI.

Adabu pia. Itakushauri uingie umpe kila mtu mkono wa nguvu, umkazie macho, uwaite kwa majina yao ya kwanza. Huku unagonga, unaingia, unasalimia, unasubiri uambiwe kaa. Wakikupa mkono unapokea. Mzee wa makamo ya baba yako usimkazie macho kama unamdai, mwangalie kwa heshima unapojibu, na mwanamama mwenyekiti wa paneli ni "Mheshimiwa Mwenyekiti" au "madam", sio jina lake. Hivi vitu muulize mtu aliyekaa kwenye paneli, shangazi aliyestaafu utumishi anakujibu kuliko mashine yoyote.

Vya kutoweka humo

Kupandisha CV ili ikuhoji kutokana nayo ni wazo zuri, ila kabla hujapandisha futa namba ya simu, anwani, majina na namba za wadhamini wako, na namba ya NIDA. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, kwahiyo ukiitoa umetoa zaidi ya unavyodhani. Wadhamini hawajakuruhusu kusambaza namba zao, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, sio mapambo. Usipandishe pia nyaraka za ndani za ofisi uliyojitolea, mikataba, bei za wazabuni, hata kama lengo ni kupata mfano. Ndani ya mipangilio ya hizi programu kuna sehemu inayoruhusu mazungumzo yako yatumike kuifundishia, izime.

Kuna kitu kingine kinasambaa, programu zinazosikiliza usaili wa Zoom au Teams na kukuandikia majibu palepale kwenye skrini. Achana nacho. Macho yanasoma kushoto kwenda kulia, kuna kimya cha sekunde kadhaa kabla ya kila jibu, afu linatoka jibu limenyooka kuliko salamu ulizotoa. Wanaokuhoji wanaona. Na hata wasipoona, kazini utaenda na nini?

Jioni ya kuamkia siku yenyewe

Mazoezi yaishie mchana. Jioni AI haina kazi tena, kazi ni begi. Vyeti halisi, sio kopi: cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita, cha chuo, na matangazo yao huwa yanasema wazi kuwa zile hati za muda za matokeo hazipokelewi. Kitambulisho. Kama majina yanatofautiana kati ya vyeti, ile hati ya kiapo ya kubadili jina iliyosajiliwa, dipu poli. Uliyesoma nje, uthibitisho wa TCU, NACTVET au NECTA. Ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal unakili namba ya usaili kwenye karatasi, maana pale mlangoni hawakupi. Nauli, chakula na pa kulala unajigharamia mwenyewe, kwahiyo uliyepangiwa Dodoma na unatoka Kigoma usipange kufika asubuhi ile ile.

Ukitoka kwenye chumba cha paneli, kabla hujapanda daladala na kabla hujaanza kupiga stori na wenzako, kaa pembeni andika kila swali uliloulizwa na ulijibu nini, kwa maneno yale yale, pamoja na pale uliposhikwa kigugumizi. Usiku ipe AI hayo maswali ikubane tena kwenye yale yaliyokushinda. Kuna waliofaulu nafasi zikawa hazitoshi wakawekwa kwenye kanzidata wanasubiri kupangiwa, na kuna watakaoitwa tena tangazo lijalo la kada hiyo hiyo, na maswali uliyoyaandika siku hiyo kwa mkono wako ni bora kuliko pepa lolote la elfu tano.